Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Chama Chetu cha Wapanda Pilipili Majumbani, Tanga

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati, wazee wetu, na wageni mliotutembelea leo,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho, na wote wawili walikuwa watu wa bustani hasa. Mungu awapumzishe pema.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Januari tulisia mbegu. Mei tulifundishana kutandaza makumbi ya nazi shinani ili udongo usikauke, na kutoboa ndoo za lita 20 kwa wale ambao uani hakuna ardhi, kuna saruji tu. Juni afisa ugani wa kata alitufundisha kupambana na vidukari na utitiri kwa maji ya mwarobaini na sabuni, kupulizia jioni na kuanzia chini ya jani. Septemba tulikuwa na siku ya achali. Novemba tulitembelea bustani saba, Makorora, Chumbageni na Usagara. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hatukwenda, kwa sababu ya fedha. Tangi la maji la lita 1,000 limenunuliwa na neti ya kivuli imefungwa. Mtakumbuka kwamba tangi ni jambo nililolisemea tangu 2021 na wengi mliona haliwezekani. Leo lipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo, yaani miche iliyochomwa mwezi Machi. Nimesikia mengi sokoni, misikitini, kwenye daladala na kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilinyamaza kwa sababu niliona mahali pake ni hapa, mbele ya mkutano mkuu, na maneno yaandikwe kwenye muhtasari.

Tarehe 27 Januari tulisia mbegu za pilipili za aina tatu: mbuzi, kichaa, na zile ndefu ambazo sokoni sasa wanaziita mwendokasi. Zilipotoa majani mawili ya kweli tukahamishia kwenye viriba, yaani vifuko vya kukuzia miche. Viriba vilikuwa 1,860. Wanachama 38 walikuwa wameshalipia miche 1,400 kwa shilingi 150 mmoja, jumla shilingi 210,000. Mpango ulikuwa kugawa Jumamosi ya tarehe 23 Machi, mvua za masika zikute miche ardhini.

Alhamisi ya tarehe 14, mwagiliaji wetu alinipigia simu saa nane mchana. Akasema, "Mama, mbuzi wamelala." Nilidhani ni jua. Nilipofika nikakuta miche kama 40 imelegea majani, lakini majani yenyewe ni mabichi, hayana njano, hayana doa. Jioni mingine ikainuka, nikarudi nyumbani na moyo mwepesi kidogo. Asubuhi ya Ijumaa ile ya jana ilikuwa imelala moja kwa moja, na mingine zaidi ya mia ilikuwa imeanza. Udongo ulikuwa na unyevu. Mche ulio na maji shinani unaponyauka ukiwa wa kijani, tatizo halitibiki kwa kumwagilia.

Nilimwita katibu, afisa ugani na wajumbe wawili wa kamati. Nikatoa glasi ya chai nyumbani kwangu, glasi nyeupe isiyo na maua, nikaijaza maji safi. Tukakata kipande cha shina karibu na mzizi, urefu wa kidole, tukakishika kwa kibanio cha nguo juu ya glasi, ncha iliyokatwa ikagusa maji. Tukakaa kimya. Hata dakika tano hazikufika, ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa, mwembamba, ukanyooka mpaka chini ya glasi. Tukakata mche wa mstari mwingine, uzi uleule. Tulijaribu miche ya mistari minne, kutoka pembe zote za kitalu, na yote ilitoa uzi. Huo ni mnyauko wa bakteria. Ungekuwa ukungu wa udongoni, maji yangebaki safi.

Wapo waliosema: kwa nini msitenge iliyolala, mkagawa iliyosimama? Swali hili ni la haki na ndilo nililojiuliza usiku kucha. Bakteria huyu anakaa ndani ya shina kabla mche haujaonyesha lolote. Anakaa kwenye udongo wa kiriba, anasafiri na maji, anasafiri kwenye jembe na kwenye ndala. Akishaingia uani kwako hakuna dawa ya dukani ya kumtoa, na anaweza kukaa udongoni miaka. Si pilipili peke yake: anaua nyanya, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo, maana yote hiyo ni jamii moja. Ningegawa miche ile kwa watu 38, ningekuwa nimepeleka ugonjwa kwenye nyua 38, na kwa jirani zao. Na mvua za Aprili mwaka jana mnazikumbuka zilivyokuwa. Maji yalitoka ua hadi ua bila kubisha hodi. Fikirini maji yale yangekuwa yamepita kwanza kwenye miche yetu.

Jambo la pili, kwamba niliamua peke yangu. Ndugu wanachama, hili ndilo linaloniuma. Niliitisha mkutano wa dharura Jumamosi ya tarehe 16, saa tatu asubuhi. Ujumbe ulitumwa Ijumaa mchana na katibu alipiga simu mwenyewe kwa waliokuwa hawajajibu. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani 32 kati ya 64. Walikuja 11. Nimeambiwa ilikuwa Ramadhani. Ndiyo, najua ilikuwa Ramadhani, na mimi nilikuwa nimefunga. Ndiyo maana niliweka asubuhi, kabla watu hawajachoka na kabla jua halijawa kali. Tulisubiri mpaka saa nne na nusu. Kifungu cha 19 kinairuhusu kamati kuchukua hatua ya dharura kunusuru mali ya wanachama akidi isipotimia. Wajumbe watano kati ya saba walikuwepo, na wote watano walikubali. Saini zipo na katibu anazo hapa, anayetaka aje azione.

Tatu, kwamba nilichoma miche ya wenzangu ili niuze ya kwangu. Mimi nilikuwa nimelipia miche 60 kwenye kitalu kilekile, na ndiyo tuliyoanza kuichoma. Nyumbani kwangu nina mbuzi tisa kwenye ndoo, ya mwaka juzi, na sijauza hata mche mmoja kwa mtu yeyote. Mlango wangu uko wazi, njooni mhesabu.

Na nne, udongo. Udongo ule ulitoka kwenye shamba lililokuwa na nyanya msimu uliopita. Mjumbe aliyeuleta aliuleta kwa mkokoteni wa gharama yake, kwa nia njema, na naomba asitajwe wala asinyooshewe kidole. Mimi niliushika kwa mkono. Ulikuwa mweusi, mwepesi, unanukia vizuri, nikasema uingie. Sikuuliza palipandwa nini. Hilo ni kosa langu na nimelikubali mbele ya kamati.

Tuling'oa miche Jumamosi ileile ya tarehe 16, tukaianika juu ya karatasi la nailoni siku mbili, kisha tukaichoma. Udongo wa viriba tuliufukia kwenye shimo refu, mbali na njia ya maji. Majembe, keni na ndala tuliosha kwa maji ya jiki. Ilikuwa kazi ya watu wanne, na mmoja wao alikuwa mimi, na nina miaka 61.

Fedha. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulitarajia shilingi 1,536,000. Waliolipa mwaka mzima ni 27, shilingi 648,000. Waliolipa nusunusu ni 21, shilingi 198,000. Wasiolipa hata senti ni 16. Ukijumlisha na shilingi 210,000 za miche na shilingi 143,000 za mauzo ya pilipili ya unga, mapato yote ni 1,199,000. Matumizi: mbegu 96,000, viriba, mchanga na samadi 118,000, neti 165,000, tangi 210,000, mwagiliaji miezi tisa 270,000, waliorudishiwa fedha 118,000, kitalu cha pili 112,000. Jumla 1,089,000. Zimebaki 110,000. Sijahesabu shilingi 45,000 nilizotoa mfukoni kwa usafiri na simu, na sizidai.

Wapo waliosema hawalipi ada mpaka waelezwe habari ya miche. Leo nimeeleza. Lakini katika hao 16, tisa wana deni tangu 2022, na mwaka 2022 mbegu ya miche ile ilikuwa haijanunuliwa. Naomba tusichanganye mambo. Kama ada zingekuwa zimelipwa, tungenunua mbegu nyingine wiki ileile ya Machi na pengine tungeiwahi masika. Tulisubiri mpaka Agosti kwa sababu sanduku lilikuwa tupu. Mwenye kukosa pilipili masika yote ajue kwamba moto ni sababu moja, na deni ni sababu nyingine.

Mahudhurio nayo. Mikutano ya wanachama ilikuwa sita, na kwa wastani tulikuwa watu 19. Siku ya achali, ambapo kila mtu aliondoka na chupa, tulikuwa 47. Siku ya kuamua juu ya miche tulikuwa 11. Nimekaa na hesabu hiyo muda mrefu. Nawashukuru kwa majina yao moyoni wale 11, na hasa bibi mmoja aliyetembea kwa mguu kutoka Ngamiani, akiwa amefunga, akasema tu, "Choma mwanangu, ardhi haina spea."

Kitalu cha pili tulikisia mwisho wa Agosti. Safari hii udongo ulitoka mahali palipolimwa mahindi tu kwa miaka mingi, na kabla ya kuutumia tuliukaanga kwenye nusu pipa, kuni zinawaka chini, mpaka kiazi kitamu tulichokifukia katikati kikaiva. Miche 980 ilitoka. Hakuna hata mmoja uliolala. Wanachama 16 waliochagua kulipwa miche badala ya fedha, yenye thamani ya shilingi 92,000, walipata kwanza. Wale 22 waliotaka fedha walirudishiwa zote. Hakuna anayekidai chama.

Miche hiyo ilipandwa Oktoba, vuli ilipoanza, na bustani saba tulizotembelea Novemba zilikuwa zinapendeza. Nilifurahi kuona watu wameacha kumwagilia mchana. Waliolalamika Desemba kwamba maua yanapukutika niwaambie tena: joto likizidi ua linadondoka hata ukiweka samadi ya dunia nzima. Weka kivuli cha kuti mchana, mwagilia alfajiri, na usiongeze mbolea ya kukuzia majani. Na matunda yanayooza kitako mara nyingi si ugonjwa. Ni kumwagilia leo sana, kisha siku nne hakuna. Mbuzi anahitaji uvumilivu, miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamishwa. Kichaa ukimtunza atakupa zaidi ya mwaka mmoja, wala msimng'oe kwa kuwa amechoka msimu mmoja. Mpunguzeni matawi, atachipua.

Kuhusu siku ya achali, mtoto mmoja alijisugua jicho na tukapata taharuki. Alipona, alhamdulillahi. Mwaka huu kila atakayepasua mbuzi atapaka mafuta ya kupikia mikononi kwanza na kunawa kwa sabuni baadaye, maana maji matupu hayaondoi ukali. Na wanaotaka achali isiyo kali sana waondoe ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ukali unakaa hapo, mbegu zenyewe zinapakwa tu.

Kwa mwaka huu wa 2025 tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza kitalu, kwenda Nane Nane, na kuanza safari ya kupata nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ili achali yetu iweze kukaa kwenye rafu za maduka. Kuna hoteli moja imeonyesha nia ya kununua kichaa kibichi. Mazungumzo yanaendelea, tutawajulisha yakikomaa.

Kamati inapendekeza utaratibu mmoja upitishwe leo: udongo wowote unaoingia kitalu uandikwe kwenye daftari, umetoka wapi na palipandwa nini misimu mitatu iliyopita, na aliyeupokea aweke saini. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika kwa mkono wangu. Unaeleza udongo wa Februari 2024, na saini iliyo chini yake ni yangu.

Glasi niliyotumia ipo hapa mezani, na kitalu cha masika hii kina viriba 700 tayari. Baada ya mkutano tutakata mche mmoja mbele yenu wote, kabla hatujagawa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Tanga, Machi 2025