Mkonge wa kunywa

San Antonio, Texas
14 Machi

Kwako Mhina,

Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tupo, baridi ndiyo kwanza inatuachia.

Unakumbuka siku ile tulipopita nyuma ya korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, tukaziba pua kwa harufu ya maji ya mkonge, ukaapa kwamba kitu kinachonuka vile hakiwezi kuingia mdomoni mwa mtu? Basi juzi mimi nimekiingiza, tena kwa hela yangu.

Inaitwa meskali, pombe kali ya Meksiko. Mmea wake ni ndugu wa damu wa mkonge wetu. Ila sisi Tanga twataka jani, shina halina kazi. Wenzetu majani wanayafyeka na kuyaacha shambani, wanabeba kile kiini kizito cha chini. Wanakiita nanasi, na ukikiona hubishi. Kinapikwa, kinapondwa, kinaachwa kichachuke, kisha kinaingia mtamboni kama gongo.

Hii yangu ya jimbo la San Luis Potosí, dola 34. Lebo inasema imetoka kwa salmiana wa porini, aina mojawapo ya mimea hiyo. Hapo nilisita. Mmea huo huchukua miaka 10 na ushee kukomaa, unachanua mara moja tu na kufa, na lazima uuwahi kabla mlingoti wa maua haujapanda na kuinywa sukari yote. Tobalá, meskali ya mmea mwingine, ya jimbo la Oaxaca, kwenye rafu hiyohiyo ilikuwa dola 90! Muuzaji akaniambia hii yangu ni rahisi kwa sababu haina moshi, na moshi ndio ubora. Uongo mtupu. Moshi wa Oaxaca unatoka kwenye shimo la mawe ya moto wanamofukia nanasi lao. San Luis Potosí wanapika kwa mvuke, kwenye tanuri la kujengwa. Moshi utoke wapi?

Nikamimina kidogo kwenye kikombe cha kahawa kisicho na mkono. Povu likajipanga ukingoni kama shanga, likapasuka upesi. Kilevi chake ni asilimia 40 tu, ingekuwa 48 lingekaa. Funda la kwanza nililizungusha mdomoni ulimi uzoee, maana hilo huwa ni moto tu. La pili ndilo lililosema: pilipili hoho mbichi, ile ukiivunja kwa mkono. Halafu ganda la ndimu, na ukijani fulani wa jani lililokatwa sasa hivi. Mhina, nilifumba macho nikajiona Muheza. Bila ule uvundo, lakini.

Ubaya wake ni mwisho. Ladha inakatika ghafla, koo linabaki linawaka peke yake. Naipa saba kwa kumi, na kwa dola 34 sijutii. Usiichanganye na soda, utaua ile hoho. Kipande cha chungwa pembeni kinatosha.

Nimekuwekea robo chupa nyuma ya unga wa ugali. Ukichelewa zaidi ya Julai sina dhamana nayo.

Ni mimi,
Ernest