Si kwamba tupo tu, tunasoma

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodhani watoto wanaosomea nyumbani hushinda wakicheza. Mimi ni mama wa watano, na asubuhi meza yetu moja ni madarasa manne, huku kitinda mimba akiwa mapajani mwangu anatafuna kifutio.

Jana mkubwa alijumlisha 3/4 na 1/8, juu kwa juu, chini kwa chini, akapata 4/12. Sikumpa jibu. Tulikunja karatasi ikatoka sehemu nane sawa, akapaka rangi robo tatu, kisha akaongeza kipande kimoja. Mdogo wake, aliyepaswa kuwa anachora mzunguko wa maji, akaropoka "saba ya nane!" kabla yake, ugomvi ukaanza. (Ugomvi tunao wa kutosha.)

Hesabu hazinichoshi. Zinazonichosha ni hodi za katikati ya somo: "Si mpo tu? Naomba huyo mkubwa anisaidie mizigo." Nani huingia darasani shuleni kuazima mwanafunzi? Njooni alasiri, vitabu vikishafungwa. Hapo hata mimi nitashukuru kupata mtu mzima wa kuongea naye.

Mama wa watano