Bobby Williamson tumtendee haki jamani

Ndugu Mhariri, salamu nyingi kutoka Busia, upande wa Uganda. Naomba nafasi kidogo gazetini kwenu maana kuna jambo limenikaba kooni siku nyingi. Hapa tunapongoja malori yapite kastam, stori za Cranes, timu yetu ya taifa, zikianza tu lazima mtu aseme yule kocha mzungu Bobby Williamson alitupotezea miaka karibu mitano bure, na juzi kijana mmoja ambaye enzi hizo alikuwa bado anabebwa mgongoni akaongeza eti huyo hata mpira wenyewe hakuwahi kucheza. Hapo ndio nikaomba kalamu.

Alicheza, tena straika. Mtu wa Glasgow, kazaliwa 1961, akaanzia Clydebank ambayo ni klabu ndogo tu, na 1983 Rangers wakamchukua, na anayefuatilia mpira wa Uskoti anajua Rangers hawachukui mtu kwa huruma. Baadaye akavuka kwenda Uingereza, West Bromwich Albion halafu Rotherham, na 1990 akarudi kwao kuchezea Kilmarnock, na pale pale Kilmarnock ndio akatundika daluga akaanza ukocha. Desemba 1996 wakampa timu ya wakubwa. Mei 1997, miezi mitano tu, Kilmarnock wakabeba Kombe la Uskoti, Falkirk wakalala 1-0, goli la Paul Wright, na kombe hilo Kilmarnock walikuwa hawajaligusa tangu 1929! Fainali yenyewe ilipigwa Ibrox, uwanja wa Rangers, yaani alirudi kama kocha kwenye nyasi zile zile alizokuwa akikimbilia mwenyewe akiwa kijana. Mimi hiyo picha naipenda sana.

Akapita Hibernian, Plymouth, Chester, huko mambo hayakuwa matamu sana na sitaki kudanganya mtu. Ila 2008 kocha wetu Laszlo Csaba akaondoka akaenda Hearts ya Edinburgh, mwaka huo huo David Obua naye akasajiliwa Hearts, na sisi tukampokea Mskoti. Mimi hadi leo nasema Edinburgh hawakutudhulumu.

Maana hebu tuhesabu. Cecafa, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, ile ya Kampala iliyoisha Januari 2009, tulimfunga Kenya fainali 1-0. Mwisho wa 2009 kule Nairobi tukabeba tena. 2011 Dar es Salaam tukamtoa Rwanda kwa penalti. 2012 nyumbani, Kenya tena, 2-1. Makombe manne na kocha mmoja. Watu wanasema Cecafa si kitu, sawa, mkae Busia muone kama si kitu, hapa Kenya ni ng'ambo ya barabara tu, mama anayeniuzia chapati ni Mkenya, nikiamka asubuhi baada ya fainali kama zile nilikuwa napewa chai kimya kimya bila hata kusalimiwa, na mimi nilikuwa nainywa polepole kabisa.

Na Namboole, uwanja wetu wa taifa, je? Mechi za kufuzu, wakati wake wote, hakuna timu iliyokuja pale ikatushinda ndani ya dakika 90. Angola alikula 3-0 mwaka 2010, Congo Brazzaville wakala 4-0 mwaka 2012.

Najua mtanirudisha kwenye Oktoba mbili, na ni haki yenu, hata mimi zinaniuma. Ya kwanza tarehe 8 mwaka 2011, kesho yake ni sikukuu ya Uhuru, tunataka ushindi tu dhidi ya Kenya twende Afcon, Kombe la Mataifa ya Afrika, Wakenya wamepita hapa mpakani na mabasi tangu usiku, na mechi ikaisha 0-0. Nchi nzima ikalala na njaa. Ya pili 2012, na hii nilikuwepo mwenyewe, nilipanda taksi ya alfajiri kutoka Busia. Zambia walikuwa ndio mabingwa wa Afrika, walitufunga 1-0 kwao Ndola, na sisi Geoffrey Massa akarudisha, 1-0, ikaenda penalti. Mbele yangu alikaa mzee mmoja alivua kofia akaiuma kwa meno, kila penalti inapopigwa anaiuma upya, na sisi nyuma yake tulikuwa tumeshikana mikono watu tusiojuana hata majina, zikapigwa weee mpaka 9-8, Zambia. Mzee hakuongea kitu, alivaa kofia yake ikiwa imelowa mate akashuka ngazi. Sasa niambieni jamani, kocha anayemfikisha bingwa wa Afrika mpaka penalti za namna ile, huyo ndio wa kuitwa alitupotezea muda?

Aprili 2013, baada ya kufungwa na Liberia kule Monrovia, akafukuzwa. Kocha Micho akaja, na Septemba 2016 Farouk Miya akawafunga Comoro, tukafuzu mara ya kwanza tangu 1978. Micho namheshimu sana, simnyang'anyi chake. Lakini angalieni kikosi kilichokwenda Afcon ya Gabon 2017: Onyango golini, Massa kapteni, Mawejje, Walusimbi, hao wote walishapita mikononi mwa Bobby. Shamba lililimwa na wawili. Na jirani zetu walimjua thamani haraka, klabu ya Gor Mahia ya Kenya walimchukua 2013 hiyo hiyo na mwisho wa msimu wakabeba ligi ambayo hawakuwa wameipata tangu 1995.

Kwa hiyo ombi langu kupitia gazeti lenu ni kwa FUFA, shirikisho letu la mpira. Afcon ya 2027 tumepewa sisi na Kenya na Tanzania, tuseme basi Cranes wakicheza nyumbani, Bobby Williamson aalikwe, apewe kiti kizuri, atajwe kwa spika uwanja mzima usikie, tumpigie makofi akiwa anayasikia. Mimi nauli ya Busia kwenda Kampala nimeshaanza kuiweka pembeni.

Ni mimi msomaji wenu,
Busia, Uganda