Idi Mubarak kutoka Lamu: Njooni Kabla Unga Haujaumuka

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Idi Mubarak kwenu nyote, wa Mkomani na wa Langoni, wa Shela, Matondoni na Kipungani, mlioko Pate, Siyu na Faza, mliohamia Mombasa na Nairobi, na nyinyi mnaotafuta riziki Uarabuni ambao Idi yenu huanza kwa simu ya nyumbani. Takabbala Llahu minna waminkum. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu, awarehemu waliofuturu nasi mwaka jana na leo hawapo, awape afya wagonjwa na subira wanaowauguza.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, umeingia, na pamoja na salamu nina ombi. Mkija kwangu Idi hii, msije chakula kikiwa tayari. Njooni wakati wa kupika.

Naomba hivyo kwa sababu naiona Idi yetu ikipungukiwa na kitu ambacho hakiuzwi. Siku hizi sinia la biriani huagizwa kwa mpishi, soda hutolewa kwenye friji, mgeni huingia saa ya kula, hupiga picha, hula, huaga akaenda nyumba ya pili. Wapishi wanahitaji riziki na biriani yao ni tamu, sina ugomvi nayo. Lakini usuhuba wa hapa kwetu umelelewa nyuma ya nyumba, pale penye mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui. Mtu mliyekaa naye mkachambua mchele mpaka ukamalizika amekwisha kukwambia yaliyo moyoni mwake bila kuulizwa. Aliyekula na kuondoka mmesalimiana tu.

Chukueni mbaazi. Hulowekwa usiku, huchemshwa mpaka zikawiva vizuri, kisha hutiwa kitunguu, pilipili na tui jepesi. Tui zito huja mwisho. Hapo ndipo penye kazi, kwani tui zito likiachwa lichemke peke yake hukatika, mafuta yakaenda huku na maji huku. Lazima mtu asimame akoroge polepole, asiondoke. Mwenye upawa mkononi hana pa kwenda, simu haishiki, na aliye karibu naye hana budi kuzungumza. Nimesikia habari za posa, za deni, za mtoto aliyefaulu mtihani na za ndoa iliyovunjika, zote juu ya chungu cha mbaazi. Sebuleni, watu wakiwa wamevaa nguo mpya, habari kama hizo hazitoki.

Na saa ninayoipenda kuliko zote ni jioni ya mwezi 29. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na kabla ya magharibi hakuna ajuaye kama kesho ni Idi au bado kuna funga moja. Unga wa mahamri hausubiri hukumu hiyo. Alasiri, midomo ikiwa mikavu, unakandwa kwa tui, sukari, hamira na iliki, na hakuna awezaye kuonja. Mkono ndio unaojua kama umekolea. Kisha watoto wanapanda juu ya nyumba kuangalia upande wa machweo, wakubwa wanafungua redio kusubiri tangazo la Kadhi Mkuu, na karai liko tayari. Mwezi ukiandama, takbira zinaanza misikitini, moto unawashwa na mahamri yanakuwa ya Idi. Usipoandama, yanakaangwa vilevile na kuliwa daku. Natamani kila rafiki yangu awe kwangu saa ile japo mara moja katika umri wake, akimwagia hamri mafuta ya moto kwa kijiko mpaka lifure, huku hajui kama anapika chakula cha Idi au cha daku.

Asubuhi yenyewe, kabla hatujala chetu, cha wengine kimekwisha kutoka. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kiasi cha kilo 2.5 hadi 3 za mchele, hata kwa mtoto mchanga. Napenda sana mpangilio huu wa dini yetu: mchele ufike kwanza kwa mhitaji, ndipo tambi zifike midomoni mwetu. Halafu tende kwa hesabu ya witri, moja, tatu au tano, kama ilivyo sunna, halafu sala. Tukirudi kuna tambi zilizokaangwa zikapikwa kwa tui, sukari, iliki na zabibu, kuna mahamri na mbaazi, kuna viazi karai na kaimati za watoto wanaopita nyumba kwa nyumba kutafuta mkono wa Idi, zawadi yao ya sikukuu. Biriani ni ya mchana. Isipokuwepo, wali wa nazi na samaki wa kupaka ni karamu kamili. Bei ya nazi na mafuta kila mtu anaijua, kwa hiyo nawasihi asione haya yeyote kumkaribisha rafiki kwa mahamri na chai tu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa vinywaji, maana huko ndiko majira yanakoonekana. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi haitulii mahali pamoja; hurudi nyuma kidogo kidogo, na kwa miaka kama 33 huwa imezunguka majira yote. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, mwaka 2025 ikawa Machi 31, na miaka inayofuata inazidi kuingia ndani ya kaskazi, msimu wa pepo za kutoka kaskazini. Aliyejaliwa umri hupata Idi za pepo zote. Zipo Idi za kusi, pepo za kutoka kusini, bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali na samaki ni wa kubahatisha. Hapo chungu hutegemea kunde, mbaazi na kuku wa nyumbani. Zipo za masika, vichochoro vinateleza, na kinachotakiwa ni chai ya tangawizi na kahawa.

Kahawa tungu ina adabu zake. Haitiwi sukari, utamu umo kwenye tende au halua iliyo pembeni. Huchemshwa na tangawizi au iliki, ikaachwa itulie mpaka unga wake ukazama, ikawekwa kwenye dele, birika la kahawa, juu ya makaa, ikamiminwa kidogo kidogo kwenye vikombe visivyo na masikio. Kikombe ni kidogo makusudi. Mtu hunywa, akarudisha, akamiminiwa tena, na mazungumzo yakaendelea barazani mpaka adhana. Anayetia kahawa kwenye kikombe kikubwa anamharakisha mgeni.

Idi ya masika nisiyoisahau ni ya Mei 2020. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, amri ya kutotoka usiku iko, tukaswali nyumbani. Tulipika kama kawaida, kwani mikono iliyozoea kupikia watu haijui kupika kidogo. Sahani zilitoka nyumba hadi nyumba zikiwa zimefunikwa kawa, zikawekwa dakani, pale mlangoni, aliyeleta akasimama mbali akapunga mkono, akaenda zake. Mahamri yalikuwa mazuri mwaka ule. Watu hawakuwepo. Kahawa tukainywa sisi wa ndani, dele likabaki limejaa. Tangu siku hiyo sahani pekee hainitoshi. Namtaka na mwenye sahani.

Idi tulizonazo sasa ni za joto, pepo za kaskazi zikilegea na kusi bado halijashika, na mwili unataka kitu baridi. Mpeni mgeni sharubati ya ukwaju. Ukwaju hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, hufinywa kwa vidole mpaka kokwa zikaachana na nyama, huchujwa, hutiwa sukari na chumvi kidogo sana, na mwenye kupenda huongeza tangawizi mbichi. Hiyo ni kazi ya mtoto wa miaka saba, na mpeni mtoto aifanye. Ndimu pia ipo, na dafu lililopasuliwa mlangoni halina mpinzani. Soda sizikatazi, ila soda haimhitaji mtu yeyote kukaa chini na mwenzake.

Na maji yenyewe tuyashukuru. Maji matamu ya mji huu tunayapata Shela, ambako vilima vya mchanga hunyonya mvua na kuihifadhi chini yake. Mkiwapeleka wageni wa Idi kutembea kule, msiache taka. Na wenye kutamani kujenga juu ya vilima hivyo, naomba kwa heshima zote wakumbuke kwamba kila buli la chai na kila dele la kahawa hapa linategemea mchanga ule.

Marafiki zetu wasio Waislamu, walimu, wauguzi, mabaharia na maafisa waliokuja kufanya kazi kisiwani, salamu hizi ni zenu pia. Wengi wenu mmetuvumilia mwezi mzima, hamkula mbele yetu, na mkatuachia kiti kivulini. Jirani yangu muuguzi kutoka bara huniletea chapati zake kila Krismasi, laini, za kukunjwa tabaka kwa tabaka, na mwaka mmoja alikaa nami jikoni akanionyesha mkono wake unavyozungusha. Mimi nikampa wa kukata mahamri. Tangu hapo tumekuwa ndugu, na wanawe huniita bibi. Kwa hiyo msibishe hodi kwa woga. Ingieni.

Kuna watu ambao hawawezi kuja popote. Nyumba zetu za kale zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na mtu mzima akishaumia magoti, hushinda juu mwaka mzima akisikia Idi ikipita chini dirishani. Wengi hupelekewa sahani, Mungu awalipe wanaopeleka. Mwaka huu nawaomba mhamishe jiko. Bebeni unga, nazi na karai, pandeni kwake, mpike kule kule akiwa amekaa kitini anawaelekeza. Bibi aliyepika kwa ajili ya mtaa mzima katika ujana wake ana mengi ya kusahihisha katika mbaazi zenu, na kusahihisha huko kutamfurahisha kuliko chakula chenyewe. Kama ana wajukuu Mombasa au Oman, wapigieni simu ya picha sufuria likiwa motoni.

Kwa walio mbali: pikeni kimoja tu cha kwenu. Nazi ya kopo inafaa. Mwiteni mwenzenu wa chumba cha pili, awe Mhindi, Mfilipino au Mganda, mwambieni akoroge tui. Msimfungie chakula kwenye kifuko akale peke yake.

Kwangu mlango uko wazi siku zote za Idi. Siku ya kwanza tuko jikoni tangu baada ya alfajiri. Siku ya pili tutakuna nazi baada ya alasiri kwa ajili ya wali wa usiku, na vibao vya mbuzi vipo vya kutosha. Watakaovuka kwa boti kutoka Mokowe nijulisheni kabla ya adhuhuri niloweke ukwaju wa kuwatosha, na watakaoanza mapema funga sita za sunna za Mfunguo Mosi semeni, futari yenu tutaipika pamoja. Mwenye kawa yangu ya tangu Ramadhani aje nayo.

Idi njema, na wassalamu alaykum.