Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi

Afande Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tulipoambiwa kuwa mgeni wetu amehudumu na kikosi cha Tanzania kule Berbérati, chini ya MINUSCA, jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, tulishangilia darasani. Muhula mzima klabu yetu imekuwa ikiisoma nchi hiyohiyo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kupitia maisha ya mwanamke mmoja, Catherine Samba-Panza.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1954 katika mji unaoitwa leo N'Djamena, nchini Chad, baba Mkameruni, mama wa Afrika ya Kati. Alisomea sheria Ufaransa, akarudi Bangui, mji mkuu wa Afrika ya Kati, kufanya kazi ya bima na kutetea haki za wanawake. Mwaka 2013, waasi wa Séléka walipokuwa wameshika nchi, akawa meya wa jiji hilo.

Kwenye karatasi ya manila pale ukutani, Afande, tumeandika 75 kwa 53. Ndizo kura za duru ya pili za kumchagua rais wa mpito katika Baraza la Taifa la Mpito, tarehe 20 Januari 2014, siku kumi baada ya kiongozi wa Séléka aliyejitwalia urais, Michel Djotodia, kujiuzulu. Aliyeshindwa ni Désiré Kolingba, mtoto wa rais wa zamani. Aliyeshinda hakuwa na jeshi nyuma yake, na ndiye mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hiyo.

Mara tu baada ya kuchaguliwa aliwaita anti-balaka, wanamgambo waliopigana na Séléka, "wanangu", akawasihi waweke silaha chini, na ex-Séléka, yaani wapiganaji wa zamani wa Séléka, vilevile. Neno hilo lilituchukua vikao viwili. Baadhi yetu walisema mtu aliyeshika panga haitwi mwanangu. Wengi tukajibu kwamba mama ndiye anayeweza kumwambia mtoto "weka chini hicho" bila kushika fimbo, na yeye fimbo hakuwa nayo.

Damu haikukoma. Septemba 2015 alikuwa New York kwenye Umoja wa Mataifa, Bangui ikalipuka tena. Akakatisha safari akarudi. Novemba akampokea Papa Fransisko mjini humo. Kisha ukaja uchaguzi ambao kanuni za mpito zilimzuia kugombea, na tarehe 30 Machi 2016 akamkabidhi nchi Faustin-Archange Touadéra. Hapo ndipo tunapomheshimu zaidi. Mwaka 2020 aligombea kama raia mwingine yeyote, akashindwa.

Afande, maktaba yetu haina hata kitabu kimoja cha Kiswahili kuhusu nchi hiyo. Tumesoma kwenye kurasa ambazo mwalimu wetu alituchapishia kwa fedha zake. Tunaomba utusaidie kupata vitabu na ramani kubwa ya Afrika, maana yetu imechanika katikati, na Bangui iko palepale kwenye mpasuko. Na kabla hujaondoka, tunaomba utusimulie akina mama wa sokoni Berbérati ulivyowaona wewe.

Tunaomba kuwasilisha.