Usihame kabla bafu halijawa tayari

14 Februari 2024

Shoga yangu Mama Salim,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti wa jana usiku nimeusikiliza mara mbili, na usingizi ukakata. Nimeona bora nikuandikie. Mambo haya yakisemwa kwa simu yanapotea, na wewe utataka kuyarudia ukiwa na makaratasi yako mbele.

Kwanza, alhamdulillah kwa nyumba ya chini. Salim ana miaka tisa sasa, kumpandisha ngazi mgongoni kila siku si kazi ya mtu mmoja, na nilikuwa naogopa siku mtakayoanguka wote wawili. Ila uliposema unahamia wiki ijayo na bafu litatengenezwa mkiwa mmeshaingia, kisa huwezi kulipa kodi mbili, moyo uliniruka. Utamwogeshea wapi mtoto huyo? Kwenye beseni, sebuleni, mafundi wakipita na vumbi lao?

Sisi yalitukuta hayohayo mwaka 2022, baada ya Baba Idrisa kupata kiharusi. Nyumba mpya ilikuwa na hodhi la kuogea lenye ukingo wa kufika magotini, na mlango wa choo ulikuwa mwembamba, kiti cha magurudumu hakipiti. Tukangoja mafundi karibu wiki sita, tunalala nyumba ya zamani, kodi tunadaiwa kotekote. Niliuliza kwa simu, nikajibiwa kwa mkato kwamba hakuna anayelipiwa nyumba mbili. Nikaamini. Nikawaomba wenzangu wa mchezo wanipe zamu yangu mapema, na pesa yote ikaishia kwenye nyumba ambayo hatujailalia hata usiku mmoja. Miezi ikapita ndipo mama mmoja wa kituo cha ushauri aliponifungulia kanuni zenyewe, akaniwekea kidole kwenye mstari.

Kumbe kanuni za Universal Credit, huu msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, za mwaka 2013, zinalitaja jambo hili waziwazi. Ikiwa umechelewa kuhamia kwa sababu nyumba mpya ilikuwa inatengenezwa ifae kwa mtu mwenye ulemavu, na kodi unadaiwa pande zote mbili, unaweza kuhesabiwa unakaa nyumba zote mbili kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Mwenye ulemavu anaweza kuwa wewe, mumeo au mtoto wako. Kwa mtoto, lazima awe anapata DLA, yaani posho ya ulemavu ya watoto, sehemu ya matunzo, kiwango cha kati au cha juu, na Salim yumo. Kwa Baba Idrisa ilikuwa PIP, posho ya ulemavu ya watu wazima, ile sehemu ya maisha ya kila siku. Bi mkubwa wako hapo jirani, kwa kuwa ameshafika umri wa pensheni na yuko kwenye Housing Benefit, msaada wa kodi unaotolewa na kaunsili, naye akihama ana haki kama hiyo, kwake ni wiki nne.

Shika hili: pesa hiyo huitwi kuichukua, unaiomba. Na inahesabiwa ukishahamia, kwa hiyo weka ushahidi tangu leo. Mikataba yote miwili, barua ya mtaalamu aliyekuja kumpima Salim, tarehe mafundi walipoanza na walipomaliza. Uandike kwenye ukurasa wako wa ujumbe wa Universal Credit, usiridhike na simu. Wakikukatalia, una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Mwenye sababu nzuri ya kuchelewa anaweza kupokelewa hadi miezi 13. Mimi niliomba kwa kuchelewa hivyo, nikalipwa mwezi ule. Wiki mbili za ziada hazikurudi.

Na hapo ndipo ninapoumia kwa niaba yetu sote. Mwezi mmoja hautoshi. Msaada wa kaunsili wa kutengeneza nyumba, wanaouita Disabled Facilities Grant, hapa England unafika hadi pauni 30,000, na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hawapimi kipato cha wazazi. Lakini kaunsili ina hadi miezi sita ya kukujibu tangu ombi lako likamilike. Miezi sita kwa mwezi mmoja, hesabu hiyo haijui mtoto asiyeweza kusimama. Kwa hiyo nakusihi, kama hujatia saini, usitie bado. Mwambie mwenye nyumba unaitaka, na uombe mkataba uanze kazi inapokaribia kwisha. Chama cha nyumba mara nyingi husikia maneno hayo kuliko mwenye nyumba binafsi. Kaunsili waulize wiki hii kuhusu ombi na lini watalipokea, ukiwa na ridhaa ya mwenye nyumba, na fundi asiguse kitu kabla hujapata kibali, maana kazi iliyokwisha kuanza wanaweza kukataa kuilipia.

Pengo likibaki, kaunsili ina fungu jingine la hiari la gharama za nyumba, kwa watu wanaopata msaada wa kodi kama wewe. Linaweza kusaidia hata amana na gari la kuhamishia vitu. Hawalazimiki kukupa, lakini ueleze hali ya Salim bila kuona haya. Usiku anavyoamka, unavyomgeuza, yote.

Nusura nisahau chumba. Usikubali kuambiwa Salim na Hafidh walale pamoja kwa vile ni wavulana wadogo. Mtoto mwenye DLA kama yake, ambaye ulemavu wake haumruhusu kuchangia chumba na ndugu yake, anahesabiwa chumba chake mwenyewe kwenye msaada wa kodi. Hafidh naye asome alale, maskini, ameshazoea kulala saa nne za kuvunjikavunjika.

Jumamosi nakuja kwa treni ya asubuhi, inshallah. Baba Idrisa atabaki na dada yangu. Nitoleeni barua zote, hata zile ulizozitia kwenye droo bila kuzifungua, najua zipo. Nitaleta mikate ya kumimina, wewe weka chai. Tutaandika ombi pamoja mezani kwako, na mkataba tutausoma mstari kwa mstari kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mbusu Salim kwenye paji la uso.

Wako,
Mama Idrisa