Wifi yangu, mtoto huyu ni mmoja

Wifi yangu mpendwa,

Habari za Kiwira, na poleni na baridi. Barua hii naiweka hadharani kama tulivyokubaliana, bila majina, kwa sababu kwenye mabenchi tunayokaa wewe na mimi wamo kina mama wa Mbozi, wa Makete, wa Chunya na wa Mafinga wenye mzigo huu huu, na wengi wao hawana wifi mjini wa kuwapokea usiku.

Nataka tuzungumze juu ya mwanetu na kliniki zake. Alizaliwa na mgongo wazi, kichwa kikaanza kukua, akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam na kuwekewa mpira wa kupitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Tangu hapo mtoto amegawanywa. Kichwa ni cha madaktari wa Dar. Degedege ni la kliniki ya watoto hapa Mbeya. Miguu ni ya watu wa mazoezi tiba. Kibofu hakina mwenyewe, maana kila ukiuliza habari za mkojo unaambiwa ukaulize kwingine. Kila mahali wana faili lao, na kila faili linasema kweli, ila hakuna hata moja linalomjua mtoto mzima. Anayemjua mzima ni wewe, na wewe ndiye usiyeulizwa.

Kumbuka lile la kikohozi. Mtoto alikuwa akinywa karbamazepini ya degedege kutoka kliniki moja. Mkaenda kituo kingine kwa sababu ya kifua, akaandikiwa erithromaisini, dawa ya kawaida kabisa, na hakuna aliyeuliza anatumia nini kingine. Kumbe erithromaisini hulizuia ini lisiivunje karbamazepini, ikajaa kwenye damu. Mtoto akaanza kuyumba, akatapika, akalala usingizi usio wa kawaida. Kwa mtoto mwingine ungesema ni dawa zimemchosha. Kwa mtoto mwenye mpira kichwani, kutapika na kusinzia ndizo dalili za mpira kuziba, na mpira ukiziba ni suala la uhai. Ndiyo maana tulikimbia naye usiku akapigwa sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa. Mpira ulikuwa mzima. Aliyefumbua jambo ni mfamasia mmoja aliyeomba tumwage mezani dawa zote zilizokuwa kwenye mfuko wako. Namshukuru mpaka leo. Lakini wifi, usalama wa mtoto hautakiwi kutegemea kwamba usiku ule tumekutana na mtu mwenye subira.

Wenzetu wa Marekani waliliona hili zamani. Mwaka 1967 American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha huko, kiliandika kwamba kumbukumbu zote za mtoto zitunzwe mahali pamoja, hasa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Baadaye wazo likakua: isiwe karatasi tu, awepo na mtu anayezisoma, anayejua nani amesema nini, anayempigia daktari mwenzake simu, na anayemhesabu mzazi kuwa mmoja wa watu wa tiba.

Sisi tuna ngazi ya rufaa, na si mbaya. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda hapa Mbeya inayohudumia nyanda zote hizi za juu kusini, halafu Muhimbili. Kupandisha mgonjwa tunajua. Taabu iko kwenye kushuka. Mwanetu alipanda na barua ya rufaa iliyojaa maelezo, akarudi kwa basi, zaidi ya kilomita 800, na karatasi yenye tarehe ya kurudi tu. Daktari aliyemtuma hakuandikiwa neno. Naomba madaktari wetu wanaosoma hapa walichukue hili: mtu aliyewaletea mtoto anastahili majibu, hata aya moja. Na pale inapowezekana, kliniki zake ziwekwe siku moja. Mama wa Kiwira akiitwa Jumanne kwa mazoezi, Alhamisi kwa dawa na wiki inayofuata kwa mkojo, mwisho ataacha kimojawapo, na mara nyingi ataacha mkojo kwa sababu hauumi. Wakati huo mkojo unaobaki kwenye kibofu unaharibu figo kimyakimya.

Hayo ni ya wakubwa. Sasa yetu.

Kwanza, tumchagulie mtoto daktari mmoja. Maoni yangu ni kwamba asiwe bingwa wa mbali, awe daktari wa hapo Tukuyu, kwenye hospitali ya wilaya, anayeweza kumwona mwezi wowote na anayemfahamu kwa sura. Bingwa anayemwona mara mbili kwa mwaka anakijua kichwa. Tunahitaji wa kujua kwamba mwaka huu ameongezeka uzito na dozi ya degedege haijaguswa, maana dozi ya mtoto hufuata kilo zake. Ukipewa dawa mpya popote, muulize huyu kabla ya kubadilisha. Na ya degedege usiikate ghafla hata ukiona kapona, maana degedege laweza kurudi kwa nguvu.

Pili, nimekununulia kaunta buku. Kadi ya kliniki imejaa na vyeti vinachanika. Ukurasa wa mbele andika kwa herufi kubwa: ana mpira kichwani, uliwekwa lini na wapi, dawa anazotumia, kiasi gani, saa ngapi, anatolewa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa tatu hadi nne. Chini yake andika kwamba asiguswe kwa glavu wala vifaa vya mpira wa asili, yaani lateksi. Watoto wa mgongo wazi hupata mzio wa mpira huo kuliko wengine, na kwenye chumba cha upasuaji mzio huo unaweza kuua. Hata maputo ya sherehe mwepushe nayo. Kurasa zinazofuata ni za madaktari. Usione aibu kumsogezea daktari daftari na kusema, "Naomba uniandikie hapa ulichoamua leo." Wengi wataandika. Asiyeandika, andika mwenyewe ukiwa bado uko kwenye benchi.

Mwalimu wake wa awali naye apate nakala ya ukurasa ule wa mbele. Yeye ndiye anayeshinda naye, na ndiye atakayeona kwanza kama mtoto analalamika kichwa kila asubuhi, au amesahau herufi alizokuwa anazijua, maana hizo nazo zaweza kuwa dalili za mpira wa kichwani kuziba. Mweleze pia habari ya mkojo, uombe pawepo sehemu ya faragha.

Kuhusu fedha: ule msamaha wa malipo ya matibabu kwa watoto chini ya miaka mitano uliowekwa kwenye Sera ya Afya ya 2007 umemwisha, mahitaji hayajaisha. Msiache kliniki kwa sababu hiyo. Kila hospitali ya rufaa ina afisa ustawi wa jamii, nendeni kwake kabla ya kwenda dirisha la malipo.

Na wewe mwenyewe, wifi. Mkifikiria mtoto mwingine, anza asidi ya foliki kabla ya mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi huandikiwa kiasi kikubwa, miligramu 4 hadi 5 kwa siku, mara kumi ya kile cha kawaida. Vidonge vya FEFO vya kliniki, vile vya madini ya chuma na asidi ya foliki, peke yake havitoshi kwako. Mwombe daktari akuandikie.

Limebaki la kaka yangu, nalisema mbele ya watu kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa. Analipa nauli, analipa dawa, hilo nalijua na namheshimu. Lakini hajui kumtoa mtoto mkojo, wala hajui jina la dawa hata moja. Ukiugua wewe wiki moja, hakuna atakayejibu maswali ya daktari. Kliniki ijayo aje yeye na mtoto, abebe daftari, aulize na aandike. Nitawapokea stendi na kulala mtalala kwangu. Wewe baki Kiwira upumzike.

Shangazi wa mtoto, Uyole